Duriani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaotaka kulionja

Duriani lina ladha gani hasa?

Hili ndo swali la kwanza kwa kila mtu na ndo gumu kuliko yote, kwa sababu hamna tunda lingine ambalo ukimtajia mtu atasema haya nimeelewa. Tuanze na nyama yenyewe. Ni laini, nzito, haitoi maji, ukiiweka mdomoni huhitaji hata kutafuna, unaibana tu kwa ulimi juu kwenye kaakaa inaachia yenyewe na kutandaa mdomo mzima kama kastadi nzito ya mayai. Utamu ndo unatangulia. Nyuma yake inafuata ladha ya lozi, halafu karameli, halafu kwa mbali sana kitunguu kilichokaangwa taratibu mpaka kikageuka rangi, ndio, kitunguu, najua ukisoma hapo unakunja uso lakini mdomoni havigombani hata kidogo, kila kimoja kinapisha kingine. Na baadhi ya aina zinamalizia na uchungu kidogo pale nyuma ya ulimi, na ukishalizoea tunda hili huo uchungu ndo unakuwa unautafuta.

Alfred Russel Wallace, yule mtaalamu wa viumbe wa Uingereza aliyezunguka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki kuanzia 1854 mpaka 1862, alijaribu kulieleza akaishia kutaja kastadi yenye lozi, jibini laini, mchuzi wa kitunguu na mvinyo, vyote hivyo kwenye tunda moja, afu akasema kulionja tu ni sababu tosha ya mtu kusafiri mpaka Mashariki. Mimi sijaona aliyelieleza vizuri zaidi yake.

Asili yake ni wapi?

Visiwa vya Borneo na Sumatra, huko huko Asia ya Kusini-Mashariki. Siku hizi linalimwa kwa wingi Thailand, Malaysia, Indonesia, Vietnam na Ufilipino. Mti wake ukiwa msituni unaweza kufika mita 25 hadi 50, na tunda kwa kawaida lina kilo 1 mpaka 3, ganda lote limejaa miiba migumu yenye ncha kali, sio ya kuchezea. Ndugu zake wako kama 30 hivi, na angalau 9 wanaliwa, ila lile linalouzwa dunia nzima ni spishi moja tu inayoitwa kitaalamu Durio zibethinus, na ndani yake ndo kuna aina nyingi nitakazozitaja. Kiukoo liko familia moja na mbuyu, bamia, pamba na kakao, kitu ambacho wengi hawakitegemei kabisa.

Si ni fenesi tu hilo?

Hapana. Fenesi ni wa ukoo wa mforosadi, hawana undugu wa karibu. Fenesi lina vipele vifupi butu, duriani lina miiba inayochoma. Fenesi linaweza kuwa kubwa mara kumi na zaidi ya duriani, lina utomvu unaonata na nyama yake ni ya kutafuna. Duriani halina utomvu wa kunata na nyama yake inayeyuka. Ukiviona viwili vimekaa pamoja hutachanganya tena.

Mbona linanuka vile?

Kwanza tuseme ukweli, linanuka kweli na hakuna haja ya kuficha. Harufu yake imechunguzwa sana. Ndani yake kuna kemikali za matunda zile zinazonukia tamu, na kuna kemikali za salfa, ndugu wa zile zinazofanya kitunguu na kitunguu saumu vinuke. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba ukichukua kemikali mbili tu, moja yenye harufu ya matunda na nyingine ya salfa yenye harufu ya kitunguu cha kuchoma, ukazichanganya kwa kipimo kile kile kilichopo kwenye tunda, unapata kitu kinachofanana sana na harufu ya duriani zima. Mbili tu! Mwaka huo huo wanasayansi wa Singapore walisoma vinasaba vyote vya duriani aina ya Musang King, wakakuta jeni kama 46,000, na wakaona zile jeni zinazohusika na kutengeneza kemikali za salfa zimejirudia rudia na zinafanya kazi kwa nguvu sana tunda linapoiva.

Sababu yake inaeleweka ukifikiria msitu ulivyo. Mti umesimama katikati ya msitu mnene, tunda rangi ya kijani limeanguka chini kwenye majani, mnyama hawezi kuliona kwa mbali, lakini harufu anaipata. Orangutanu anakula duriani, tembo wa Asia wanakula pia, na kokwa zinasafiri. Kwahiyo ile harufu ni tangazo, na halikuandikwa kwa ajili yetu.

Sawa, lakini kitu kinachonuka kinakuwaje kitamu?

Hapa ndo penyewe, na naomba usome taratibu maana ukishaelewa hapa nusu ya woga inaisha. Pua inapokea harufu kwa njia mbili. Ya kwanza ni mbele, unavuta hewa, unanusa. Ya pili ni nyuma, chakula kiko mdomoni, ukimeza na kutoa pumzi ile harufu inapanda kupitia kooni kuingia puani kwa mlango wa nyuma, na ubongo ukiipokea kwa njia hiyo hauiiti harufu tena, unaiita ladha. Kemikali ni zile zile lakini zikipita nyuma zinakuja zimefuatana na sukari na mafuta na ule ulaini wa nyama, kwahiyo ubongo unazisoma tofauti kabisa. Ndo maana mtu anaweza kusimama mbele ya duriani akasema siwezi, na baada ya kulitia mdomoni akanyamaza.

Afu kuna jambo la pili, pua inazoea. Ukikaa karibu na harufu yoyote kwa dakika kadhaa ukali wake unashuka. Anayelipita duriani akiwa anatembea anapata ile ya kwanza, kali, na anaondoka nayo hivyo hivyo, hajawahi kupata nafasi ya kufika upande wa pili. Ndo kilio changu kikubwa hicho, tunda linahukumiwa mlangoni na watu ambao hawajaingia ndani.

Huyo Wallace niliyemtaja ni ushahidi mzuri. Mara ya kwanza aliletewa duriani ndani ya nyumba kule Malacca, harufu ikamshinda. Baadaye akiwa Borneo akaliokota limeiva chini ya mti, akalila hapo hapo nje, na kuanzia hapo akawa mlaji wa kudumu. Tunda ni lile lile jamani, kilichobadilika ni mahali na upya wake.

Kwahiyo mara ya kwanza nilile vipi?

Nje. Hilo ndo la kwanza na ningekuwa na uwezo ningeliandika kwa herufi kubwa kila mahali. Uwanjani, barazani, chini ya mti, popote penye hewa inayotembea. Chumba kilichofungwa na feni imezimwa ni kumuonea mtu.

Pili usile umeshiba, maana duriani ni zito, na tumbo lililojaa linakataa kitu kizito hata kiwe kitamu namna gani. Tatu, kaa nalo kidogo kabla ya kulila, acha lifunguliwe, piga stori, dakika tano kumi pua yako itakuwa imeshatulia. Nne, kipande kidogo tu, kiasi cha ncha ya kijiko, ingawa kijiko chenyewe hukihitaji kwa sababu duriani linaliwa kwa mkono.

Na tafadhali usibane pua. Najua ndo ushauri unaotolewa sana na unatolewa kwa nia njema, lakini ukibana pua ile njia ya nyuma niliyoieleza nayo inaziba, unabaki na sukari na ulaini tu, unameza, unasema mbona la kawaida, na hujalionja duriani bado. Fanya kinyume chake: weka mdomoni, acha liyeyuke, meza, halafu funga mdomo na toa pumzi polepole kupitia puani. Hiyo pumzi moja ndo duriani lenyewe liko humo, lozi na karameli na ule moshi wa kitunguu, vyote vinakuja kwa mpangilio, na kila ukitoa pumzi kinabadilika kitu. Subiri hata dakika nzima. Kisha chukua kipande cha pili, na cha pili huwa kinaeleweka kuliko cha kwanza.

Nianze na aina gani?

Zipo nyingi mno, kuna zenye majina na kuna zisizo na jina za mti wa kienyeji kijijini, na hizo za kijijini huko Malaysia zina wapenzi wake wanaozitetea kwa nguvu. Lakini kwa mgeni ningesema anza na Monthong ya Thailand. Nyama nene, tamu, rangi ya njano hafifu, harufu yake ni ya upole ukilinganisha na nyingine. Wajuzi wengine watakwambia Monthong ni ya watoto, achana nao, mlango ni mlango.

Kama uko Malaysia, Red Prawn ni nzuri ya kuanzia, nyama yake inaelekea rangi ya chungwa na ni tamu waziwazi. D24 imekaa katikati, tamu na chungu kidogo, laini sana. Halafu ndo unakuja Musang King, ambayo kwenye orodha rasmi ya Malaysia ni D197, njano iliyokolea, kokwa nyembamba zilizosinyaa kwahiyo unapata nyama nyingi, na ladha yake inaingia tamu inaondoka na uchungu. Kwa maoni yangu Musang King iliyoiva vizuri ndo kilele, lakini ukianza nayo hutajua umekula nini, uchungu utakushtua. Ipo pia Black Thorn, wengine wanaipandisha juu ya Musang King na ubishi huo hauishi leo.

Ni kweli halichumwi, linaokotwa?

Inategemea nchi. Malaysia desturi ni kusubiri lianguke lenyewe, mara nyingi usiku au alfajiri, na mashamba mengi yanafunga nyavu chini ya miti ili lisigonge ardhi. Linaloanguka limeiva kikamilifu, harufu kali, nyama laini sana, na muda wake ni mfupi, likipita siku moja mbili ganda linaanza kupasuka na ladha inageuka. Thailand wao wanalikata mtini kabla halijaanguka, linamalizia kuiva njiani, linakuwa gumu kidogo, linasafiri mbali bila shida. Ndo maana Mthailand na Mmalaysia wakikaa meza moja hawakubaliani duriani zuri likoje, mmoja anataka nyama yenye kukaza kidogo na mwingine anataka ile ya kumwagika.

Nitajuaje limeiva na ni zuri?

Anza na kikonyo. Kikiwa kibichi na kina unyevu, limetoka mtini karibuni. Kikiwa kimekauka na kusinyaa, limekaa. Halafu linyanyue, kwa kikonyo hicho hicho au kwa glavu, sogeza sikio, litikise kidogo. Ukisikia kitu kinagonga gonga ndani kwa sauti ndogo nzito ujue nyama imejitenga na ganda, limeiva. Kimya kabisa maana yake bado bichi.

Shika miiba miwili iliyo jirani ibane pamoja kwa vidole. Kama inasogea kidogo na kurudi, vizuri. Kama ni migumu kama ukuta, bado. Angalia matundu, tundu dogo lenye unga unga pembeni ni mdudu keshatangulia. Mwisho nusa pale chini kwenye mishono, na hapa usiogope, unatafuta harufu tamu iliyotulia. Harufu ya chachu iliyozidi, inayopanda kichwani, hilo limeshapitiliza.

Musang King ina alama yake, ukiligeuza chini unaona nyota ya mistari mitano iliyo wazi isiyo na miiba. Wauzaji wasio waaminifu wapo kila mahali kwahiyo jifunze kuitambua hiyo nyota.

Linafunguliwaje bila kuumia?

Glavu nene au kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, hilo halina mjadala. Ligeuze kitako kiwe juu. Ukiangalia kwa makini kwenye miiba utaona mistari hafifu inayoshuka kutoka kitakoni kwenda kwenye kikonyo, ndo mishono ya vyumba vya ndani, kawaida mitano. Pale inapokutana ndo udhaifu wa tunda ulipo. Ingiza ncha ya kisu kifupi imara hapo, sentimita mbili tatu tu, usikate, zungusha kisu kama unafungua kopo. Utasikia ganda linaachia. Hapo weka kisu pembeni, ingiza vidole gumba kwenye ufa na vuta pande mbili, litafunguka kwa kufuata mshono.

Ndani ganda ni jeupe, kama limetandikwa godoro, na katikati ya kila chumba kuna vipande vya nyama vimelala kwa mstari, kila kimoja kimefunika kokwa yake. Angalia ngozi ya juu ya nyama. Iliyoiva sawasawa ina kingozi chembamba kikavu chenye mikunjo midogo, ukiigusa kwa kidole haigandi, lakini ukikandamiza kidogo unasikia chini yake ni laini tupu. Ikiwa ngumu ngumu na inateleza bado haijafika. Ikiwa imelowa na inavuja maji, imepita. Huu mguso wa kwanza mimi naupenda karibu sawa na kula kwenyewe.

Ukimaliza chumba kimoja usikimbilie kufungua vyote. Nyama ikikaa hewani inakauka juu na harufu inaenea.

Huku niliko napata la kugandishwa tu, lina maana?

Lina maana, ila sio lile lile. Nyama iliyogandishwa haraka ikiwa imeiva inahifadhi utamu na ulaini vizuri, kinachopungua ni zile harufu za juu juu, zile nyepesi zinazokuja na pumzi ya kwanza. Liyeyushe kwenye friji usiku kucha, usiliweke juani wala kwenye maikrowevu, litatoa maji na kuwa uji. Na jaribu kulila likiwa nusu limeganda, baridi inashusha harufu, nyama inakuwa kama aiskrimu, kwa mtu mwenye pua kali hii ni njia nzuri sana ya kuanzia. Ukikutana na peremende au biskuti za duriani usihukumu tunda kwa hizo, nyingi zina harufu ya salfa bila ule utamu mzito wa kuibeba.

Kweli ukila na pombe unakufa?

Imani hiyo ni ya zamani sana huko Asia ya Kusini-Mashariki, na kuna kitu nyuma yake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walipima maabara wakakuta dondoo la duriani linazuia kimeng'enya kinachosaidia mwili kusafisha sumu inayotokana na pombe, mpaka asilimia 70. Hayo ni majibu ya maabara na sio ya watu waliokaa mezani, lakini inaeleweka kwanini mtu anaweza kujisikia vibaya, uso kuwaka, kichefuchefu, moyo kwenda mbio. Usichanganye. Halafu kusema ukweli pombe inaua ladha ya duriani, kwahiyo hata kama isingekuwa na madhara bado ungekuwa umejinyima.

Nina kisukari, au tatizo la figo, nile?

Ongea na daktari wako kwanza, hapa sibahatishi. Gramu 100 za duriani zina kalori kama 147, wanga gramu 27 hivi na mafuta gramu 5, ambayo kwa tunda ni mengi. Sukari yake ni ya kweli na ulaini wake unakufanya ule zaidi ya ulivyopanga. Potasiamu ni kama miligramu 436 kwa gramu 100, na mwenye figo dhaifu anajua hiyo ina maana gani kwake. Kwa mtu mzima mwenye afya, vipande viwili vitatu vinatosha kwa kikao kimoja, na bado utajisikia umekula chakula kamili.

Kwanini wanalila pamoja na mangostini?

Mangostini ni tunda dogo lenye ganda la zambarau na nyama nyeupe, na misimu yao inagongana, hilo la kwanza. La pili, huko kuna imani kwamba duriani linatia mwili joto na mangostini inaupoza, ndo maana moja linaitwa mfalme na nyingine malkia. Kuhusu joto na baridi kila mtu na imani yake, ila mdomoni mpangilio huo ni wa akili sana: mangostini ina uchachu mtamu na maji mengi, inasafisha ule utando wa mafuta kwenye ulimi, na kipande kinachofuata cha duriani unakionja upya kana kwamba ndo unaanza.

Ni kweli limepigwa marufuku sehemu nyingine?

Ndio, Singapore huruhusiwi kuingia nalo kwenye treni za mjini, na hoteli nyingi za ukanda ule zina alama ya duriani iliyopigwa mstari mwekundu. Aprili 2018 chuo kikuu kimoja cha Melbourne kilihamisha watu kama 500 wakidhani gesi inavuja, kumbe duriani lililooza kabatini. Juni 2020 kifurushi cha maduriani kilisababisha posta ya Schweinfurt, Ujerumani, kuondolewa watu na wafanyakazi kadhaa wakapelekwa hospitali. Habari kama hizi ndo zinazosambaa zaidi, na inaniuma kidogo, maana watu wengi wanalijua duriani kwa habari za dharura kabla ya kulijua kama chakula. Sheria za treni naziunga mkono kabisa lakini, abiria hakuchagua kukaa na tunda lako.

Nimesikia popo ndo wanaolifanya lizae, kweli?

Kweli kabisa na ningependa kila anayekula duriani alijue hili. Maua yake yanaota moja kwa moja kwenye matawi makubwa na shina, yananing'inia kwa mafungu, rangi ya krimu, yanafunguka jioni yakiwa yamejaa nekta. Wachavushaji wakubwa ni popo wanaokula nekta, hasa yule anayelala mapangoni anayeitwa kitaalamu Eonycteris spelaea. Anatoka pangoni jioni, anaruka kilomita nyingi, anapachika uso kwenye ua, anahama mti mwingine na chavua kifuani. Sasa mapango mengi yako kwenye milima ya chokaa ambayo inachimbwa kwa ajili ya saruji, na popo wenyewe wanawindwa. Pango likiharibiwa shamba la mbali linakosa matunda na mwenye shamba anaweza asijue sababu. Mashamba mengine Thailand wanachavusha kwa mkono, usiku, ua kwa ua kwa brashi, ni kazi kubwa inayofanywa na mnyama bure. Kwahiyo ukiona mtu anamtukana popo na huku mdomoni ana duriani, mweleze kwa upole.

Kokwa zinaliwa?

Zikipikwa tu. Chemsha, choma au kaanga, zina wanga mwingi na ladha tulivu. Mbichi usile, zina asidi za mafuta zenye sumu.

Likizidi kuiva nitupe?

Usitupe. Malaysia na Indonesia nyama iliyolainika sana inachanganywa na chumvi kidogo, inafunikwa, inaachwa ichachuke siku kadhaa mpaka inakuwa tempoyak, inatiwa kwenye mchuzi wa samaki na pilipili. Uchachu ukikutana na ule utamu wa mbali ni kitu kingine kabisa. Njia nyingine ni kuipika na sukari moto mdogo, unakoroga bila kuacha mpaka inakuwa nzito ya kukatika, hiyo inaitwa lempok na inakaa muda mrefu.

Nilijaribu sikulipenda, niache?

Jiulize kwanza ulikula lipi na wapi. Kama lilikuwa la kugandishwa, ndani ya chumba, umezungukwa na watu wanaocheka na kukurekodi na simu wakisubiri ukunje uso, basi haukupewa nafasi ya haki. Jaribu tena siku nyingine, la msimu, Malaysia msimu mkubwa ni Juni mpaka Agosti, lililoiva na kutoka mtini karibuni, aina ya upole, nje, na mtu anayelipenda. Kama baada ya hapo bado hulitaki, hulitaki, ladha ni ya mtu na hakuna deni.

Harufu mikononi na mdomoni naitoaje?

Chukua ganda ulilomaliza, upande wa ndani pale nyama ilipokuwa, mimina maji humo na osha mikono kwa maji hayo ukisugua vidole kwenye ule weupe. Huko linakolimwa wanafanya hivi miaka yote na wengine wanakunywa kabisa maji yaliyowekwa kwenye ganda wakisema yanaondoa harufu mdomoni. Mikononi linasaidia, kisha malizia na sabuni. Mdomoni piga mswaki, kunywa maji mengi, na ujue mbwewe zitakuja na harufu yake kwa masaa kadhaa, kwahiyo kama una kikao au usaili wa kazi siku hiyo lile jioni baada ya shughuli. Maganda usiyaache jikoni usiku, yafunge kwenye mfuko na yatoe nje kabla hujalala.